Mtoto Haagwi

Mama yangu ana sheria mbili za safari. Ya kwanza, safari haitangazwi mpaka msafiri awe amefika. Ya pili, mtoto mdogo haagwi, anatorokwa. Ile ya kwanza wanaishika watu wengi nchi hii, maana macho ni mengi na si yote yanayokutakia heri. Hii ya pili ndiyo iliyonitesa mimi. Sipendi kumtupia mama lawama zote, kwa sababu siku ya kuifuata nilikuwa mtu mzima mwenye akili zangu, na nilishukuru kwamba ipo.

Kijijini kwetu, upande wa Sepuka, simjui mama ambaye hajawahi kumtoroka mtoto. Unamtuma kwa jirani akaombe chumvi, akirudi hupo. Unamwambia unakwenda mashineni kusaga, kumbe umepanda gari la Singida mjini. Atalia jioni moja, wanasema, kesho yake amesahau, yuko na wenzake vumbini. Lakini akikuona unaondoka, akakulilia njiani, hiyo safari imeshakuwa nzito: gari litakufia porini, au utafika huko uambiwe karatasi zako zina kasoro. Mimi mwenyewe nilitorokwa mara nyingi utotoni, na ungeniuliza zamani ningekwambia sikuona shida yoyote.

Wakati huo nilikuwa muuguzi wa zahanati, nina miaka ishirini na tisa na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne. Baba yake alikwenda Geita kwenye machimbo kutafuta maisha, akatafuta mpaka akapata mke mwingine. Sikumlilia. Kilichokuwa kinanila ni kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake. Nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nikiwa kazini nataka kurudi nyumbani, nikiwa nyumbani nataka kwenda shamba, na shamba nikifika nashika jembe kana kwamba nagombana na ardhi. Mama alikuwa anasema nimezaliwa barabarani. Haikuwa kweli, nilizaliwa hospitali ya misheni na yeye alikuwepo.

Niliposikia kwamba Ujerumani wanatafuta wauguzi, nilianza kujifunza lugha yao kwa simu. Nyuma ya nyumba yetu kuna mawe makubwa, na juu ya mawe hayo ndipo mtandao unapopatikana vizuri. Mwaka mzima nilipanda huko kila jioni, nikitamka maneno ya Kijerumani kwa sauti, mbuzi wa jirani wakinitazama. Habari zikaenea kwamba nimeokoka na ninanena kwa lugha. Mama hakuwasahihisha. Aliwaacha wanakwaya waje kunipa hongera, nami nikazipokea hongera hizo nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu wa sala.

Karatasi zilipotoka, nilikuwa na wiki mbili. Kazini walijua wachache waliolazimika kujua, na hao waliapishwa. Kijijini tulisema nakwenda semina Dodoma. Mama akaanza kufunga mizigo kwa siri kana kwamba tumeiba ng'ombe. Akanikaangia kuku, akanisagia mlenda mkavu wa kutosha mwaka mzima, na akajaza asali kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaizungushia nailoni na kitambaa. Akaniambia asali hiyo nisiitoe machoni pangu, niibebe mwenyewe, nisiiache na watu wa mizigo.

Mtoto aliliona begi. Watoto wa miaka minne wanaona kila kitu unachotaka wasikione.

"Mama, begi la nani?"

"La mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu mmoja wa Ikungi. Kula ugali wako."

Akala. Ulikuwa ugali wa uwele na mlenda, na baada ya hapo akajilaza kwenye mkeka barazani, kama kila siku baada ya chakula. Alikuwa mtoto wa kulala. Ungeweza kumlaza juu ya gunia la alizeti katikati ya mnada akalala. Alikuwa na kawaida ya kushika pindo la kanga yangu mpaka usingizi umchukue, na siku hiyo alilishika hivyo hivyo. Nilipoona pumzi zimekuwa ndefu, nilifungua fundo kiunoni, nikaiacha kanga mkononi mwake, nikainuka. Ndani nilikuwa nimeshavaa suruali ya safari.

"Nenda," mama akasema. "Usigeuke."

Bodaboda nilikuwa nimemwambia anisubiri mbali, kule chini karibu na msikiti, asije akamwamsha kwa mlio wa pikipiki. Nilitembea na begi kubwa kichwani na dogo mkononi kwenye jua la saa nane, nikinyata kama mwizi wa kuku kwenye uwanja wa nyumba yetu wenyewe. Sikugeuka. Niliona hilo ni ushujaa, na nilipofika kwenye pikipiki nilijisikia mwepesi, nikiri hivyo. Nilijisikia mwepesi sana.

Stendi ya Singida nikapiga simu. Mama akasema bado amelala. Nikapiga tena basi liliposimama Manyoni, akasema ameamka, amekula, anacheza. Dodoma nikapiga usiku ule, akasema amelala tena, na mimi niache kupiga piga simu, namaliza vocha. Asubuhi nikapanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam. Watu walikuwa wanapiga picha madirishani, mimi nilikuwa nahesabu vituo ili vipungue. Nilimwamini mama kwa sababu nilikuwa nataka kumwamini.

Uwanja wa ndege nilifika saa tano nzima kabla ya wakati. Nilijua ni mapema mno, ila sikuwa na pengine pa kupeleka miguu yangu. Begi kubwa likaenda, mimi nikabaki na begi la mkononi, na ndani yake asali ya mama. Kijana wa ukaguzi akaitoa, akafungua kitambaa, akafungua nailoni, akaitazama kwenye mwanga.

"Dada, hiki kimiminika hakipiti."

"Si kimiminika. Ni asali."

"Asali ni kimiminika, dada."

"Wewe umetokea wapi? Asali ni chakula. Imeganda hapo juu, huoni?"

Kijana akasema yeye ametokea Kondoa na anaijua asali vizuri kuliko mimi, na haipiti. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Ningeweza kuiacha pale nikaondoka na heshima yangu, lakini nilifikiria mama alivyokamua masega yale kwa mikono yake, hasira ikanipanda, nikaifungua chupa na kuinywa mbele yake. Mafunda matatu makubwa, nikimtazama machoni. Iliyobaki nikawapa wamama wawili waliokuwa wanafagia, wakapokea kwa mikono miwili na kusema asante, Mungu akusafirishe salama. Yule kijana akacheka, mimi sikucheka. Asali nyingi kwenye tumbo tupu si jambo la mchezo, na ndivyo nilivyopanda ndege, nikitoka jasho la utamu.

Nilipewa kiti cha katikati. Dirishani alikaa mama mmoja mtu mzima wa Moshi aliyekuwa anakwenda kuwaona wajukuu zake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akanisaidia mkanda wa kiti ambao nilikuwa napigana nao. Ndege ilipoinuka nilishika mkono wake bila kuomba ruhusa, naye akauacha.

Mbele yangu kulikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na kindege cheupe kinachotambaa juu yake. Nikatafuta kwetu. Dodoma ipo, Nairobi ipo, Mombasa ipo, hata mji fulani wa Somalia ambao sijawahi kuusikia upo. Singida haipo. Nikabonyeza kioo nikikuza ramani, bado haipo. Nikakasirika na watu waliochora ramani ile kama vile nawajua. Kwa saa nzima nilikitazama kile kindege kikitambaa kwenda juu, na kila kilipotambaa kidole kimoja mimi nilihesabu: sasa amerudi kucheza, sasa anakula ugali, sasa ameniulizia, sasa ameambiwa niko mashineni.

"Una watoto?" mama wa Moshi akaniuliza.

"Mmoja. Ana miaka minne."

"Umri huo mgumu kuacha. Ulimuagaje?"

"Alikuwa amelala."

Akasema, "Ahaa," akageuka dirishani. Nadhani alikuwa na lake la kukumbuka, kwa maana hakunisemesha tena mpaka chakula kilipokuja, na chakula kilipokuja akanipa mkate wake.

Nilikwenda chooni mara saba na haja nilikuwa nayo mara mbili. Nikasimama nyuma ya ndege, nikajinyoosha, nikarudi, nikafunga mkanda, nikaufungua. Mhudumu akaniomba kwa adabu nikae. Nikakaa. Ndani ya ndege hakuna pa kwenda, na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimeyamaliza kwa kuinuka na kwenda. Mawazo niliyokuwa nayakimbia shambani na juu ya mawe yote yalinikuta hapo kwenye kiti, yakakaa mapajani. Nilielewa kwamba sikuwa nimemlinda mtoto. Nilikuwa nimejilinda mimi. Sikutaka kuuona uso wake, basi nikauacha umelala.

Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege simu yangu haikukubali mtandao. Nilizunguka ukumbi ule mkubwa nikiinua simu juu kama nilivyokuwa nafanya kwenye mawe ya nyumbani, watu wakinipisha. Ndege ya pili sikumbuki vizuri. Nakumbuka baridi ya mlangoni tulipotua, na kwamba hakuna aliyekuwa ananijua, jambo ambalo nilikuwa nimelitamani miaka mingi. Nililipata hapo, na halikunisaidia chochote.

Mji nilioletwa ni mdogo, kama Manyoni ukiuondolea vumbi na kelele. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya wazee. Nilipewa chumba humo humo, chenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari, na wiki ya kwanza tu nilishahamisha kitanda mara tatu. Kazi niliiweza. Wazee ni wazee popote, wanataka kugeuzwa taratibu na kusikilizwa hadithi ileile. Niliwaamkia kwa kuinama kidogo, mwili wenyewe ukikataa kumpita mtu mzima bila shikamoo, na wao wakalipenda hilo ingawa hawakujua ni nini.

Nyumbani nilipiga kila siku. Nilikuwa nimemwachia mama simu ya kioo, lakini hakuwahi kujifunza kuishika. Nilikuwa naona sikio lake, au bati la paa, na sauti inatoka pembeni.

"Mpe mtoto simu."

"Anacheza."

Kesho yake, amelala. Keshokutwa, amekwenda kwa jirani. Wiki ya pili, anaoga. Hakuna mtoto wa Sepuka anayeoga kiasi hicho. Lakini sikuuliza zaidi, na kila nikikata simu nilijikuta nimesimama katikati ya chumba na viatu miguuni, nikiwa sina safari.

Kulikuwa na mzee mmoja pale kazini, fundi seremala wa zamani, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimemwishia. Jina la mwanawe alikuwa halijui. Alinipenda, nikimlisha anakula. Mchana mmoja alinishika mkono asitake kuuachia, na zamu yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Nikafanya nilichofundishwa na mama. Nikakaa kando ya kitanda, nikamwimbia taratibu, nikasubiri pumzi ziwe ndefu, nikautoa mkono wangu kidole kimoja kimoja, nikaweka taulo lililokunjwa mahali pake. Nikanyata nikatoka. Nilikwenda zangu chumbani nikiwa nimeridhika kabisa, nikijiona muuguzi hodari.

Aliamka baada ya robo saa. Alinitafuta vyumba vyote vya ghorofa ile, kisha akateremka, na walimkuta maegeshoni na ndala, kwenye baridi, anachungulia ndani ya magari moja baada ya jingine. Mimi nilimwona kutoka dirishani kwangu kabla wao hawajamfikia. Nilidhani ni mtu anatafuta gari lake.

Kesho yake kiongozi wa zamu, mwanamke mkavu asiyepoteza maneno, aliniita kando. Akaniuliza kama nilimuaga. Nikasema alikuwa amelala. Akasema hapa hatutoki chumbani kwa mgonjwa bila kumwambia tunatoka, na nani anakuja baada yetu, na tutarudi lini. Nikamjibu kwa hasira, na Kijerumani changu kikiwa na hasira ni kibovu zaidi, kwamba mtu asiyekumbuka hata mwanawe nitamuaga ili iweje, dakika tano zijazo ameshasahau. Yeye hakukasirika. Akasema atasahau, ndiyo, lakini mimi nitakuwa nimemwambia. Kisha akaenda kugawa dawa.

Nilimaliza zamu ile kwa shida. Nilipofika chumbani nikapiga simu nyumbani, na kabla mama hajasema anacheza, nikamwambia: "Mama, leo usinidanganye. Siku ile alipoamka alifanya nini?"

Bati la paa likaondoka, likaja sikio lake.

"Alikaa," akasema.

"Alikaa wapi?"

"Mlangoni. Na kanga yako. Nikamwambia umekwenda mashineni. Akakaa mpaka jua limezama, hakulia hata kidogo. Nikajua amesahau. Kesho yake hatukumwona. Tukamtafuta. Alikuwa amekwenda zahanati peke yake, mwanangu. Njia yote ile. Amefungua milango ya vyumba vyote, hata chumba cha sindano. Amechungulia chini ya mabenchi. Wenzako ndio waliomrudisha. Ndipo kijiji kikajua uko Ulaya."

Kumbe sheria ya pili ndiyo iliyoivunja ya kwanza. Mama alijaribu kulisema hilo kama kichekesho, na mimi nilijaribu kucheka, tukashindwa wote wawili. Nilimuuliza kwa nini mtoto anaikataa simu. Akasema haikatai, anapopewa anaitazama nyuma, anaigeuza, halafu anairudisha. Nikalia siku hiyo mpaka jirani wa chumba cha pili akabisha hodi kwa kugonga ukuta.

Baadaye mtoto alianza kuzungumza. Alikuwa ameanza darasa la awali na alikuwa na adabu ya kutisha. "Shikamoo mama. Sijambo. Nimekula. Nimeshiba. Nasoma." Alijibu kila nilichouliza na hakuuliza chochote. Hakuniuliza niko wapi, hakuniuliza narudi lini. Nitasema ukweli hata kama unaniaibisha: nilifurahi kwamba haulizi. Nilijiambia mtoto ameelewa, mtoto amekua.

Likizo ya kwanza niliipata baada ya mwaka na nusu, mwezi mmoja kamili. Nilirudi na mabegi mawili na safari hii nilitangaza wazi, nikamwambia mama amwambie mtoto siku na saa. Nilimkuta amesimama barazani na sare ya shule, amerefuka, meno ya mbele hayapo. Akaniamkia shikamoo. Nikapiga magoti nikamkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa huku akitazama juu ya bega langu, kule yalikokuwa mabegi.

Tangu siku hiyo hakuniacha. Nikienda kuoga anakaa nje ya mlango wa bafu akichora chini kwa kijiti. Nikienda chooni anakuja, anakohoa ili nijue yupo. Nikienda shamba yuko nyuma, nikiongea na jirani ameshika mfuko wa sketi yangu. Majirani wakaniambia, ona anavyokupenda, damu haipotei. Nami nikavimba kichwa. Baada ya mwaka na nusu wa shikamoo na nimeshiba, nilikuwa napendwa mpaka chooni, na niliyameza mapenzi hayo bila kuyaangalia.

Wiki ya pili mwalimu wake akatuma ujumbe kwamba mtoto haji shule, na akija anatoroka saa ya mapumziko. Hapo hasira yangu ikanipata. Nikamsimamisha barazani, nikamwambia kwa ukali: "Kwa nini hukai shule? Mimi siendi popote. Nenda shule, utanikuta hapa hapa."

Akanitazama. Hakuwa na uso wa mtoto mkaidi. Alikuwa ananitazama jinsi tunavyomtazama mgonjwa anayesema amemeza dawa, na dawa tunaiona mvunguni. Nikaingia ndani.

Siku nne kabla ya kuondoka, mama alinifuata jikoni. Alikuwa ameshapanga kila kitu. "Jumatano ni hivi. Mimi nitamchukua asubuhi, nimpeleke kwa shangazi yake, nimwambie tunakwenda kuchagua kifaranga. Wewe utapita njia ya chini."

"Hapana, mama. Nitamuaga."

"Utamuaga nini? Atakulilia kijiji kizima kisikie. Ana miaka mitano huyo, atajua nini?"

"Alikuwa na miaka minne akajua njia ya zahanati."

Mama akashika kiuno. Akasema kwa Kinyaturu neno ambalo maana yake ni kwamba kichwa changu ni kama cha marehemu baba, kisha akarudi kwenye Kiswahili, lugha yake ya kugombana rasmi. "Safari itakuwa nzito."

"Iwe nzito. Ni yangu, nitaibeba."

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Nilitoka nikamkuta barazani, amekaa kwenye mkeka ameegemea nguzo, anabangua alizeti moja moja. Macho yalikuwa mazito, kope zinaanguka, anazinyanyua. Nikakaa mbele yake. Miguu ilikuwa inaniambia inuka, kuna maji ya kuchota, kuna kuni za kupasua, kesho utamwambia. Nikaikunja miguu chini yangu.

"Mimi nitaondoka," nikamwambia.

Hakushtuka. "Najua."

"Nitaondoka Jumatano. Asubuhi, ukishaamka, ukishakunywa uji. Sitaondoka umelala. Utaniona nikiondoka, na utanisindikiza mpaka kwenye gari."

Akaacha kubangua.

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

Akanyoosha vidole vya mkono mmoja, akavishika kimoja kimoja kwa mkono mwingine. "Kesho upo?"

"Nipo."

"Jumatatu upo?"

"Nipo."

"Jumanne?"

"Nipo. Jumanne tutakwenda wote mnadani."

Akakishika kidole cha nne, akakaa nacho. "Jumatano uji nitakunywa polepole."

"Kunywa polepole. Gari litasubiri."

Akasogeza alizeti zake pembeni, akajinyoosha kwenye mkeka, kichwa hata hakukiweka juu yangu, akakiweka chini tu pale kilipoangukia, na kabla sijapata neno jingine la kumwambia alikuwa amelala. Mdomo wazi, ganda la alizeti kwenye shavu, mikono imetawanyika huku na huku, haijashika kitu.

Mama alikuja kutoka nyuma ya nyumba na ungo. Akafungua mdomo anigombeze, akamwona mtoto, akasimama.

"Amelala?"

"Amelala."

"Mchana huu?" Aliuweka ungo chini taratibu. "Tangu siku ile sijamwona huyu amelala mchana. Hata akiumwa. Nilidhani ndiyo kukua."

Mimi ni muuguzi, usingizi wa namna ile ninaujua. Ni wa mtu aliyekesha kazini kupita kiasi, akaangukia popote mara mwenzake alipoingia na kusema, nenda, nimeshika mimi. Mwezi mzima nilikuwa nadhani ninapendwa. Mwanangu alikuwa zamu, mwaka na nusu, analinda mlango, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuja kumpokea zamu. Mama alikaa upande wa pili wa mkeka, akavua kitambaa chake cha kichwani, akaanza kumfukuzia nzi.